Lucy Lameck: muuguzi aliyefika kwenye uongozi wa elimu ya watu wazima

Kutoka Kasongo hadi Kabambare, mtu wa kwanza ambaye mgonjwa anamkuta kwenye kituo cha afya si daktari. Ni muuguzi, ama anfirmiye kama tulivyozoea kusema kwetu. Ndiye anayepima, ndiye anayechoma sindano, ndiye anayeandika kwenye karatasi dawa inyweke mara ngapi kwa siku. Kisha mama anabeba mtoto mgongoni na kushika njia ya kurudi kijijini, karatasi ile mkononi. Akifika nyumbani, kama hakuna mtu wa kumsomea, karatasi inakuwa bure. Mtoto anaweza kupewa dawa zaidi ya kipimo, ama akaachishwa dawa siku ya pili kwa sababu homa imepungua. Baada ya juma moja, mama yule yule anarudi kwenye kituo kile kile na mtoto aliye na hali mbaya kuliko kwanza.

Muuguzi anayeona jambo hilo kila juma ana haki ya kujiuliza swali gumu. Je, kazi yake iko kando ya kitanda cha mgonjwa tu, ama iko pia mbele ya ubao, pale ambapo watu wazima wanajifunza kusoma na kuandika? Na kama akiacha wodi ili aende kufundisha, nani atabaki na wagonjwa?

Swali hilo si la leo. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kwa jirani zetu wa Tanzania, aliishi mwanamke ambaye maisha yake yalipita katika njia hiyo. Alisomea uuguzi akiwa msichana, akauacha, akajifunza ukarani, akarudi shule akiwa mtu mzima, na mwishowe akawa katika uongozi wa wizara iliyokuwa na kazi ya kufundisha watu wazima wa nchi nzima. Jina lake ni Lucy Lameck. Alifariki tarehe 21 mwezi wa tatu mwaka 1993.

Msichana wa Njoro

Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro, karibu na mji wa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Jamaa yake walikuwa wakulima. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, kama vile Kongo ilivyokuwa chini ya Ubelgiji.

Kwa msichana Mwafrika aliyepata bahati ya kusoma wakati ule, milango haikuwa mingi. Kulikuwa na ualimu, kulikuwa na uuguzi, na kwa wengi kulikuwa na ndoa tu. Lucy alichukua njia ya uuguzi, akapata mafunzo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Hospitali za wakati ule zilifuata rangi ya mtu. Huko Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji. Wazee wetu wa Maniema hawatashangaa, kwa kuwa katika Kongo ya Wabelgiji pia kulikuwa na hospitali ya weupe na hospitali ya weusi. Mwafrika aliruhusiwa kuwa muuguzi, na katika Kongo wachache walifika kuwa wasaidizi wa waganga, lakini cheo cha daktari kilibaki mbali. Siku ya uhuru wetu, tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Tanganyika nayo, ilipopata uhuru mwaka 1961, inahesabiwa ilikuwa na madaktari Waafrika kama 12 hivi.

Katika hali hiyo, Lucy Lameck alikataa kuifanya kazi aliyoisomea. Hakutaka kutumika ndani ya utaratibu wa afya wa wakoloni. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Kwa familia ya wakulima, binti aliyemaliza mafunzo ya uuguzi alikuwa na mshahara wa hakika na heshima mbele ya watu. Kuacha vyote hivyo, bila kujua kesho itakuwaje, kulihitaji moyo.

Hapa msomaji asikose kuona kilichopotea. Wagonjwa Waafrika walikuwa na uhitaji mkubwa wa wauguzi, na mmoja aliyefunzwa hakuja. Deni hilo lilibaki, na tutaona jinsi maisha yake yote yalivyokuwa kama kulilipa kwa njia nyingine.

Karani wa ushirika

Baada ya kuuacha uuguzi, Lucy alijifunza kazi ya ukarani. Alipata kazi katika KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa kati ya vyama vya ushirika vya Waafrika vilivyokuwa na nguvu zaidi katika Afrika Mashariki. Wakulima walileta kahawa yao, chama kikaiuza kwa pamoja, na faida ikarudi kwa wanachama.

Karani katika chama cha namna hiyo anaona mambo ambayo muuguzi pia anayaona, lakini kwa upande mwingine. Mkulima asiyejua kusoma anapewa risiti ya mizani na hawezi kuhakikisha kama uzito ulioandikwa ni uzito wa kahawa yake. Anaweka kidole kwenye wino na kutia alama chini ya karatasi asiyoifahamu. Wakulima wa mpunga na mawese wa Kasongo, na wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila katika teritwari ya Kabambare, wanaelewa vizuri jambo hilo. Mwenye kusoma mizani ndiye anayepanga bei.

Miaka hiyo siasa ilikuwa imewaka. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 1954, Julius Nyerere akiwa kiongozi wake. Huko Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyesoma miaka michache tu, alikuwa akiwakusanya wamama kwa maelfu. Lucy Lameck aliingia katika chama hicho huko Kilimanjaro, akafanya kazi katika tawi la wanawake. Wamama wengi waliojiunga hawakujua kusoma kadi walizopewa. Walilipa ada yao hata hivyo, wakazitunza kadi hizo kama kitu cha thamani.

Mwanafunzi mtu mzima

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Lucy alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, katika chuo cha Ruskin mjini Oxford. Lazima tueleze kidogo chuo hicho ni cha namna gani, kwa sababu bila kukifahamu hatuwezi kufahamu njia aliyochukua baadaye.

Ruskin haikuwa shule ya watoto wa matajiri. Ilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, watu wazima waliokuwa wamekosa nafasi ya kusoma wakati wa utoto wao. Wachimba makaa, makarani, mafundi wa viwanda na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuja hapo kujifunza uchumi, siasa na historia. Mtu hakuulizwa kwanza cheti chake cha sekondari. Kazi aliyoifanya katika maisha ilihesabiwa. Tom Mboya wa Kenya, kiongozi wa wafanyakazi aliyeanza kama mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi, alisoma hapo mwaka 1955 hadi 1956.

Lucy Lameck alikaa darasani pamoja na watu wa namna hiyo. Baada ya Ruskin alisoma pia Marekani, katika chuo kikuu cha Western Michigan. Aliporudi nyumbani, hakuwa tena msichana aliyekataa kuvaa nguo nyeupe za hospitali ya wakoloni. Alikuwa mtu aliyeonja mwenyewe namna elimu inavyoweza kumfungulia njia mtu aliyekwisha kuwa mzima.

Mfano wa Ruskin ulivuka bahari. Mwaka 1961, Tanganyika ilifungua chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kwa ajili ya watu wazima waliokuwa na akili na kazi lakini hawakuwa na vyeti. Kiliundwa kwa mfano wa Ruskin, na mmoja wa waliohangaika sana kukitafutia fedha alikuwa Joan Wicken, Mwingereza aliyepita Ruskin, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Nyerere kwa miaka mingi.

Ndani ya wizara

Mwaka 1960, Lucy Lameck aliingia katika baraza la kutunga sheria la Tanganyika. Uhuru ulikuja tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1961. Baada ya uhuru, akiwa bado hajafikisha miaka 30, alipewa nafasi ya waziri mdogo katika wizara ya ushirika na maendeleo ya jamii. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuingia katika serikali ya nchi hiyo, na wengi wanaoandika juu ya historia hiyo humtaja kuwa ndiye wa kwanza.

Ukiangalia jina la wizara hiyo, utaona namna maisha yake yalivyokutana mahali pamoja. Ushirika aliujua tangu KNCU. Maendeleo ya jamii, katika Tanganyika ya wakati ule, yalibeba ndani yake kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kazi hiyo haikuwa bado chini ya wizara ya elimu, ambayo ilishughulika na watoto na vijana wa shule. Ilihamia huko baadaye, mwaka 1969.

Tanganyika ilipopata uhuru, watu wazima 85 katika 100 hawakujua kusoma. Wizara ilikuwa na watumishi wake vijijini, ambao wananchi waliwaita Bwana Maendeleo na Bibi Maendeleo. Bwana Maendeleo aliitisha watu kujenga barabara, kisima au darasa kwa mikono yao. Bibi Maendeleo alikaa na wamama, akawafundisha kusoma, kushona, kupika chakula chenye nguvu kwa watoto, kuchemsha maji. Masomo yalifanyika chini ya mwembe, kwenye ghala la chama cha ushirika, ama ndani ya kanisa na madrasa, kila mahali palipokuwa na kivuli.

Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Ushirika huko Moshi, mji wa kwao Lucy, ili kufundisha makarani, wahasibu na wanakamati wa vyama vya wakulima. Chuo hicho nacho kilikuwa cha watu wazima. Hakikumwambia mkulima aanze upya kama mtoto. Kilichukua kazi aliyokuwa nayo mkononi na kumwonyesha namna ya kuiandika na kuihesabu.

Mwaka uliofuata, Nyerere alipotangaza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alieleza kwa nini serikali iliweka watu wazima mbele. Mtoto anayeanza shule leo atausaidia uchumi baada ya miaka mingi. Mama na baba yake wanalima leo, wanazaa leo, wanaugua leo. Wakibadili namna ya kufanya mambo, nchi inaona mabadiliko sasa hivi.

Kwa muuguzi, mawazo hayo si mageni. Chanjo humlinda mtoto mmoja mmoja, lakini mama aliyefahamu kwa nini maji yachemshwe anawalinda wote wa nyumba yake, na jirani zake pia.

Kurudi katika afya

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, Lucy Lameck alihamishiwa wizara ya afya, tena katika cheo cha waziri mdogo. Mwanamke aliyekataa kuwa muuguzi chini ya wakoloni alirudi sasa katika hospitali zile zile kupitia mlango mwingine. Hospitali za rangi zilikuwa zimeondolewa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzipeleka huduma vijijini, mahali ambapo wengi wa wananchi waliishi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisukuma serikali upande huo. Fedha zilizokuwa zikienda katika hospitali kubwa za mijini zilianza kugawanywa kwa zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Lakini zahanati peke yake haitoshi. Ukijenga nyumba ya dawa katika kijiji kisicho na choo, utauza dawa ya kuhara mwaka baada ya mwaka.

Kule bungeni, Lucy alijulikana kwa kusema juu ya hali ya wanawake, hasa wa vijijini. Mzigo wa mwanamke wa shamba, anayelima, anayechota maji, anayesenya kuni, anayelea, na ambaye pesa ya mavuno haipiti mkononi mwake, aliurudia tena na tena. Mzigo huo ulihusu elimu pia. Mama aliyechoka tangu alfajiri hawezi kufika darasani jioni, na akifika, macho yanafumba. Kama darasa la watu wazima halijali saa za wamama, litabaki la wababa tu.

Matunda ya kazi ya wengi

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha serikali ikachagua wilaya sita na visiwa vyake ili kufuta ujinga wa kutojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka 1971: Ukerewe, Mafia, Kilimanjaro, Pare, Tanga na Masasi. Wilaya ya kwao Lucy ilikuwamo. Katika mikoa ya ziwa Viktoria, mradi uliosaidiwa na UNESCO uliandika vitabu vya kusomea kwa kufuata kazi ya watu. Mkulima wa pamba alisoma juu ya pamba, mvuvi juu ya samaki, mwenye migomba juu ya ndizi. Vitabu vyote vilikuwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Hii ndiyo iliyounganisha wodi na darasa kuliko jambo jingine lolote. Kwa majuma 12, redio ilitangaza vipindi juu ya malaria, kuhara, kichocho, kifua kikuu na minyoo. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa, na viongozi hao walifikia kama 75.000. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kijitabu kwa sauti ili wasiojua kusoma nao wafuate, kikajadiliana, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani kando ya nyumba. Kipindi kilipokwisha, watu hawakubaki na maneno tu. Walibaki na choo.

Kampeni hizo zilikuwa kazi ya watu wengi: walimu wa kujitolea, watumishi wa redio, wakaguzi wa afya, Paul Mhaiki na wenzake wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na wananchi wenyewe. Hatumpi Lucy Lameck sifa ya wote. Yeye alikuwa katika kizazi kilichoweka msingi katika miaka ya kwanza, wakati Bibi Maendeleo alipokuwa na baiskeli, chaki na watu wachache wa kumwamini.

Hesabu inaonyesha walipofika. Mwaka 1967, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa bado zaidi ya 65 katika 100. Mwaka 1975 walikuwa 39. Katikati ya miaka ya 1980, serikali ilihesabu kwamba wamebaki karibu 10 tu. Nchi chache sana za Afrika zilikuwa zimefika hapo.

Lakini tusifunge macho. Wengi waliojifunza kusoma hawakuwa na kitu cha kusoma tena baada ya kitabu cha kwanza. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, magazeti ya vijijini yalikosa karatasi, walimu wa kujitolea walikosa hata zile shilingi chache za shukrani, na madarasa mengi yakafungwa. Hesabu ya wasiojua kusoma ikaanza kupanda upya. Lucy Lameck alikufa mwaka 1993 akiwa na miaka 58 ama 59, wakati sehemu ya jengo aliloshiriki kulijenga ilikuwa ikibomoka.

Njia ya zamani, lugha moja

Kwa nini maisha haya yawahusu wakaaji wa Kasongo na Kabambare? Sababu ya kwanza ni lugha. Kiswahili cha kwetu kilikuja kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapanda hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Njia hiyo ilibeba pia pembe na watumwa, na uchungu wake hatuusahau. Lakini ilituachia lugha ambayo leo ni moja kati ya lugha nne za taifa katika katiba ya Kongo. Mama wa Kabambare anaweza kujifunza kusoma kwa lugha anayoiongea sokoni, bila kungoja kwanza ajue Kifaransa. Vitabu vya Mtu ni Afya vilitumia lugha ambayo angeifahamu.

Sababu ya pili ni historia ya Kasongo yenyewe katika mambo ya afya. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kundi la waganga na wauguzi pamoja na taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerp walijaribu hapa kwetu utaratibu mpya: hospitali moja, na kuizunguka vituo vya afya vilivyo karibu na watu, kila kituo kikiongozwa na muuguzi, na wakaaji wakiwa na sauti katika kamati. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua ulitolewa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la The Lancet, jina la Kasongo likasomwa dunia nzima. Majaribio ya namna hiyo yalisaidia kuzaa zone za afya ambazo Kongo nzima inazo leo. Kwa hiyo muuguzi wa Maniema kuwa kiongozi na mwalimu wa jamii si jambo la kuagiza kutoka nje.

Sababu ya tatu inahusu lile swali tulilolianza nalo. Maisha ya Lucy Lameck hayamwambii muuguzi wa Kabambare aache wodi kesho. Mahali ambapo kituo kizima kina muuguzi mmoja, kuondoka kwake ni hasara ambayo wagonjwa watailipa usiku huo huo. Lucy aliacha kazi ambayo hakuweza kuifanya kwa heshima, na ilimchukua miaka ya ukarani na ya kusoma ugenini kabla ya kuwa na kitu cha kuwapa watu wengi. Hakuruka kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi kiti cha wizara kwa siku moja.

Yanachofundisha ni kwamba anayetoka katika uuguzi kwenda katika masomo ya watu wazima asiende mikono mitupu. Aende na yale aliyoyaona: karatasi ya dawa isiyosomwa, risiti ya mizani isiyoeleweka, mama anayesinzia darasani kwa sababu hakuna aliyefikiri juu ya kuni na maji yake. Aanze na kitabu kinachosema juu ya mpunga, mihogo na malaria ya hapa hapa. Na yule anayebaki kituoni anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo asubuhi, wamama wanapongoja zamu ya kupima watoto uzito, kwa ubao mdogo na chaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Mafunzo ya watu wazima katika nchi yetu yako chini ya wizara ya maswala ya kijamii, na vituo vya afya viko chini ya wizara nyingine. Katika Tanzania ya miaka ya 1970, Mtu ni Afya ilifaulu kwa sababu elimu, afya, redio na chama vilikaa meza moja. Huku kwetu, muuguzi na mwalimu wa watu wazima wanaweza kuishi katika kijiji kimoja, wakihangaikia familia zile zile, bila kuwahi kuitwa katika mkutano mmoja.

Lucy Lameck alianza akiwa binti wa mkulima aliyefunzwa kuwahudumia wagonjwa. Alimaliza akiwa amehudumu katika wizara mbili, ya maendeleo ya jamii na ya afya, na kila moja ilimfundisha jambo kuhusu ile nyingine. Wodi aliyoikataa akiwa kijana haikumtoka. Ilimfuata hadi darasani, hadi bungeni, hadi katika maneno aliyoyasema kwa ajili ya wamama wa shamba. Na mama anayetoka leo kwenye kituo cha afya cha Kabambare, karatasi mkononi, bado anangoja mtu atakayemfundisha kuisoma.